GOTI HALIJENGWI KWA TOFALI BOVU



Leo nataka tuzungumze juu ya goti. Usicheke. Mwenye goti zima hana habari nalo, lakini muulize mzee anayeshuka ngazi za ghorofa kwa ubavu kama kaa, atakueleza goti ni kitu gani.

Ndani ya goti fupa la paja hukutana na fupa la muundi, na mbele yake kuna pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu, utando laini wenye unene wa milimita chache tu, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Katikati mna vibanzi viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyobeba uzito wa mtu, kila hatua, maisha yake yote.

Gegedu likilika kabisa, dawa ya mwisho ni kupasua na kuweka kiungo cha chuma na plastiki. Daktari John Charnley alianza kuweka nyonga ya namna hiyo huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Leo kazi ya kubadili nyonga na magoti hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Sasa, fundi anayebuni kiungo kipya atajuaje kama kitahimili? Hawezi kumtwika binadamu mizigo mpaka avunjike. Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwaka 1956 wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia ya kupima ugumu wa miundo ya ndege kwa kuigawa vipande vidogo. Mwaka 1960 Clough akaipa njia hiyo jina la elementi finiti. Maana yake ni nyepesi: kitu usichoweza kukipigia hesabu kizima, kigawe vipande, pigia hesabu kila kipande, kisha viunganishe. Vipande hivyo vikiungana pamoja huitwa wavu.

Kwa goti, kwanza hupigwa picha za ndani ya mwili, kisha kompyuta huchora umbo la kila mfupa na kila gegedu. Halafu ndipo umbo hilo hujazwa vipande. Na hapa, ndugu msikilizaji, pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kujaza vipande vyenye pande nne, mfano wa piramidi ndogo. Kompyuta huweza kuifanya kazi hiyo yenyewe, wakati wewe unakunywa chai. Njia ya pili ni kujaza vipande vyenye pande sita, mfano wa tofali. Hiyo ni kazi ya jasho. Mtu huzungushia mfupa masanduku, akayasogeza moja moja mpaka yakakaa vizuri juu ya umbo, ndipo tofali zikapangwa ndani yake. Goti lina vinundu na mabonde. Penye kona tofali hubanwa, hupinda, na mara nyingine hugeuka ndani nje. Tofali moja likigeuka hivyo, hesabu yote husimama.

Kwa nini basi watu wajitese? Kwa sababu gegedu, kwa kuwa limejaa maji, likibanwa ghafla halipungui ujazo. Hutanuka pembeni tu. Piramidi ile rahisi yenye nukta nne haiwezi kulifuata umbo hilo. Hujikaza, na kompyuta ikatoa jibu kwamba gegedu ni gumu kuliko lilivyo. Zipo piramidi za nukta kumi zilizo bora zaidi, lakini tofali lililopangwa vizuri, tabaka juu ya tabaka, bado ni tegemeo la wengi.

Mwaka 2009 watu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walieleza programu yao iitwayo IA-FEMesh, inayomsaidia mtu kupanga masanduku hayo juu ya mfupa. Hawakuifungia kabatini; waliitoa bure. Huo ni uungwana wa kusifiwa.

Lakini neno langu la leo ni hili. Jibu la kompyuta huja na rangi za kupendeza, nyekundu penye shida, buluu penye usalama. Rangi hizo humpumbaza mtu akasahau kuuliza tofali zilipangwaje. Mpimaji mwaminifu hugawa tofali zake ndogo zaidi na kurudia hesabu. Akipunguza kila upande kwa nusu, tofali moja huwa 8, na kazi huongezeka sana. Jibu likibadilika mno, ajue wavu wake wa kwanza ulimdanganya. Asiyerudia hajapima bado; amebahatisha.

Mwezi Agosti 2010 kampuni ya DePuy ilitangaza kuziondoa sokoni nyonga zake za ASR. Watu wapatao 93,000 duniani walikuwa wamekwisha wekewa. Sisemi kosa lilikuwa la wavu. Nasema gari likiwa na kasoro hurudishwa gereji, lakini nyonga yenye kasoro hurudishwa kwa kisu, na mwenye kulala juu ya kile kitanda si aliyepiga hesabu.

Kwa hiyo vijana wetu mnaosoma uhandisi, mtakapokaa mbele ya kompyuta usiku, mmechoka, na ile njia ya kunywa chai inawaita, mkumbukeni yule mzee wa ngazini. Yeye hataiona kazi yenu kamwe. Ataikanyagia tu.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Nakutakia juma jema, na magoti mazima.