Tabibu wa Mgongo na Mipaka ya Kazi Yake

Mtu aliyekesha kwa maumivu ya kiuno haulizi ni tabibu gani mwenye cheo kikubwa. Anataka apone. Leo tutazame mvutano uliopo nchini Marekani kuhusu kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha na kusukuma viungo vya uti wa mgongo kwa mikono.

Tiba hiyo ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895. Kwa miaka mingi madaktari wa hospitali waliipiga vita. Mwaka 1987 mahakama iliamua kwamba chama kikuu cha madaktari kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwasusia matabibu hao.

Vita hiyo ilipokwisha, likabaki swali: kazi yao iishie wapi? Bima ya serikali ya wazee, kwa sheria ya mwaka 1972, huwalipa kwa kunyoosha mgongo tu. Hata picha ya eksirei haiwalipi. Jimbo la New Mexico, kwa upande wake, mwaka 2008 liliwaruhusu wale waliopata mafunzo ya ziada kuandika dawa kadhaa zilizoorodheshwa. Wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaotaka dawa, na wapo wanaosema mikono yatosha.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Daktari hulinda riziki yake, na tabibu wa mgongo hutafuta kuongeza yake. Lakini mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha huko huko Marekani kilishauri kwamba maumivu ya kiuno yatibiwe kwanza bila dawa, na kunyoosha mgongo kukatajwa miongoni mwa njia hizo. Basi heshima hiyo imewajia kwa kazi ya mikono, katika nchi ambayo vidonge vya maumivu vimeua watu wengi mno. Wakiikimbilia kalamu ya dawa, watakuwa wameacha nini?

Maoni yetu ni haya. Mipaka ipanuliwe kwa masomo na mtihani, si kwa kelele za vyama. Na somo la kwanza liwe kutambua mgongo usiofaa kusukumwa: wenye saratani, wenye kifua kikuu cha mifupa, au wa mtu ambaye miguu imeanza kufa ganzi na mkojo umemkatalia. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.