Shilingi ya Barabarani na Mfuko wa Mbolea

(Hotuba kwa wanachama, Kipkelion)



Leo hatutasema juu ya mshahara peke yake. Twataka kusema juu ya kazi zisizo na kadi wala karani: kuuza mboga kando ya njia, kukaanga mandazi, kuendesha bodaboda, kuchuuza maziwa. Wengi wetu tukitoka kuchuma majani twaingia katika kazi hizo, na wenzetu walioondolewa na mashine za kuchuma chai hawana nyingine. Tena wengi wetu tuna kishamba nyumbani, cha mahindi au cha chai.

Wako wasemao kwamba kazi hizi ni uvivu, na kwamba ndizo zinazofanya mashamba yazae kidogo. Sisi hatukubali. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti juu ya Kenya, wakaeleza kuwa watu hawa wanazalisha mali, ila wakubwa wanawasumbua badala ya kuwasaidia. Kwa hesabu ya serikali ya mwaka 2023, watu kama milioni 16.7 walikuwa katika jua kali, zaidi ya 8 katika kila 10 wenye kazi. Na hesabu hiyo haiwaingizi wakulima wadogo. Mama anayepalilia mahindi alfajiri na kuuza sukumawiki mchana huhesabiwa nusu: kibanda chake kimo, jembe lake halimo.

Basi ugonjwa uko wapi? Uko katika wakati. Shilingi ya barabarani huja kidogo kidogo, na kila siku huliwa. Shamba lataka fedha nyingi kwa mara moja, kabla ya mvua za Machi na Aprili. Mvua ikifika na mfuko haujanunuliwa, mahindi hupandwa bila mbolea, au twanunua ya kupimwa kwa kopo kwa bei ya juu. Mavuno yakawa haba, twarudi dukani kununua unga. Na chai ni vivyo hivyo. Mkulima mwenye shida ya karo humwuzia majani mchuuzi wa soko huru, kwa kuwa hulipwa papo hapo. Lakini majani hayo hayaandikwi kiwandani, na bonasi ya mwaka hupungua.

Hapa Kipkelion tuna somo la zamani. Mahali hapa palipoitwa Lumbwa, mwaka 1908, walowezi waliunda chama cha ushirika, cha kwanza katika Kenya, ili wanunue pamoja mbolea, mbegu na dawa, na kuuza mazao pamoja. Hao walikuwa na mashamba makubwa, na bado waliona mtu peke yake hawezi! Waafrika walifunguliwa mlango huo kwa sheria ya mwaka 1945. Mlango u wazi, yafaa tuingie.

Tuhesabu. Mwaka 2023 serikali ilishusha mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500. Mtu akiweka shilingi 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, tangu Oktoba hadi Februari, amepata shilingi 2,500 kamili. Watu 20 ni mifuko 20, na gari moja la kuileta. Tena mwaka 2024 wakulima wengi waliuziwa mbolea isiyofaa, hata katika mpango wa ruzuku. Mtu mmoja akilalamika hasikiki. Watu 20 wenye risiti husikika.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu:

1. Kila tawi liunde vikundi vya watu 20, kila kimoja na daftari na mweka hazina, na fedha ziwekwe katika akaunti ya kikundi, zisikae mfukoni mwa mtu.

2. Wenzetu walioachishwa kazi, na wachuuzi wa barabarani, wakaribishwe katika vikundi hivyo. Hao si wageni. Ni sisi wenyewe baada ya kupunguzwa.

3. Mwajiri asije akasema, "Ninyi mna mashamba na vibanda, mshahara huu wawatosha." Hapana. Akiba hii ni ya kulisha udongo, si ya kujaza pengo la mshahara mdogo. Madai yetu yabaki palepale.

Oktoba haingoji mtu. Tuanze kuandikishana leo, kabla hatujatoka hapa.