Mita 60 Kutoka Mtoni

Mazungumzo na kamati za parokia, Kolandoto, Shinyanga



Nimeombwa nizungumze juu ya majengo yetu na mafuriko. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi katika parokia moja. Tulipewa kiwanja cha bure cha shule ya chekechea, mahali tambarare karibu na mto wa msimu. Mama mmoja mzee alituonya: "Wanangu, hapo sisi tulikuwa tunavua kambare." Tukacheka. Msimu wa tatu maji yalifika madirishani. Tukaomba msaada, wafadhili wakatoa, nasi tukajenga pale pale. Maji yakarudi.

Safari hii tulikwenda kuulizia bima. Ofisa akatuuliza: Jengo liko umbali gani kutoka mtoni? Maji yamewahi kuingia? Tulitoka mikono mitupu.

Ndugu zangu, yule ofisa hakuwa mkatili. Bima ni kwa ajili ya janga lisilotazamiwa, na sisi tulijenga njiani mwa maji. Huko Marekani, mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulioanzishwa mwaka 1968 una sharti: mji usipopitisha na kusimamia kanuni za ujenzi kwenye mabonde yanayofurika, wakazi wake hawawezi kununua bima hiyo. Kanuni hutangulia, bima hufuata.

Kwetu huku wengi hatuna bima ya nyumba hata kidogo. Basi kanuni ndiyo kinga yetu, nayo tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Shida ni kwamba mito yetu mingi hukauka kwa miezi, tukasahau kuwa ni mito. Tena kwenye mbuga zetu za udongo mweusi, maji huweza kusambaa kupita mita hizo 60. Ndiyo maana kumbukumbu za wazee ni lazima ziandikwe.

Hata hivyo, kanuni bila huruma huumiza. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande. Palikuwa mbali na riziki zao, na baadhi wakarudi bondeni. Ukimwambia mtu ahame, mwonyeshe pia mahali anapoweza kuishi na kula.

Je, tunaweza kusimamia kanuni wenyewe? Shinyanga tumeshaweza. Wakati wa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kati ya mwaka 1986 na 2004, ngitili zilifufuka katika vijiji vingi. Vijiji vilijiwekea sheria ndogo, na sungusungu wakasaidia kuzilinda. Ng'ombe hawakuzuiwa na maneno ya mtaalamu peke yake, bali na makubaliano ya wanakijiji.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kupokea kiwanja, hata cha bure, kamati iwaite wazee, wakiwemo akina mama, waonyeshe maji yalipowahi kufika. Pili, ipimwe kwa futi kamba, iwekwe alama, na umbali uandikwe katika muhtasari wa kikao. Tatu, jambo hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ili halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo na kuiombea idhini wilayani.

Kwenu wafadhili nina ombi moja. Msitoe fedha za jengo kabla ya kuuona muhtasari huo. Na jengo likibomolewa na maji, tusaidieni kuhama badala ya kujenga tena pale pale. Gharama itakuwa kubwa mara moja, lakini haitarudi kila masika.

Yule mama mzee ameshafariki. Sikuwahi kumwomba radhi. Nawaomba ninyi msicheke mtakapoambiwa habari za kambare.