Mbegu Gani Mkononi Mwaka Huu?

(Maneno tuliyosema kwa wanachama kwenye mkutano wa kwanza wa Januari)



Mwezi wa kwanza kwetu ni mwezi wa maneno mingi. Tarehe 4 tunakumbuka waliokufa kwa ajili ya uhuru, tarehe 16 na 17 tunakumbuka Kabila na Lumumba, na kila mahali kuna mtu anasimama anasema: mwaka huu nitaacha pombe, mwaka huu nitajenga. Mwezi wa tatu ukifika, ukimuuliza, anacheka. Hatumlaumu. Neno halina mahali pa kulishika.

Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji tumeona jambo lingine. Mtu aliyekimbia mara mbili, mara tatu, anaogopa kupanga mbali. Wengi wenu mlivuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Baraka tangu 2005, nyuma ya miaka mingi Nyarugusu ao Lugufu. Mukiona mwenzenu anapanda maharagi tu kila msimu, musiseme ni mvivu. Maharagi yanakomaa kwa miezi mitatu. Mukikimbia tena, hasara ni ndogo. Muhogo unaomba karibu mwaka mzima. Mchikichi unaomba miaka mitatu ao minne mbele ya kutoa tunda la kwanza. Ukitazama shamba la mtu, unajua amefungua mizigo yake mpaka wapi.

Ndiyo maana tunawaomba nia za mwaka huu tuziseme kwa mbegu. Jioni moja, kila nyumba iweke kwenye mkeka punje ya haragi, kipande cha mti wa muhogo, na chikichi moja. Kila mtu, hata mtoto, ashike kimoja na kusema nia yake. Haragi ni jambo la kumaliza mbele ya Pasaka: kulipa deni, kuziba paa. Muhogo ni jambo litakaloonekana bonane ijayo, kama mtoto wa sekondari kumaliza mwaka bila kufukuzwa kwa ajili ya minervali. Chikichi ni lile ambalo pengine wajukuu ndio watakula. Na yule atakayeshika haragi peke yake, asichekwe.

Wamama wa AVEC wanaweza kuchora nia yao kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye ya akiba: mbuzi, nyumba, mashini ya kushona. Asiyejua kusoma ataiona kila wiki akinunua hisa. (Kwetu hiyo inashinda mabango yote tuliyokwisha kupachika.) Siku ya kugawana, ukurasa ule ufunguliwe kwanza, kisha wenye funguo tatu wafungue kisanduku. Pesa ya Desemba inapenda kukimbilia sherehe.

Lakini tuseme ukweli: chikichi halipandwi kwa nia tu. Wengi mnalima shamba la kukodi. Mwenye shamba anakubali maharagi, pengine na muhogo, lakini mti anakataza, kwa sababu mwenye kupanda mti kesho atasema udongo ni wake. Si uchoyo; anajilinda, kama na nyinyi mungejilinda. Kwa nyumba za namna hiyo, nia ya kwanza ni mapatano yaliyoandikwa, mbele ya kupanda msimu B: misimu mingapi, malipo gani, mti unaruhusiwa ao hapana, na nani atavuna. Karatasi tatu, moja ibaki kwa chifu. Maneno ya mdomo yamekwisha kugombanisha majirani wa kutosha.

Na wafadhili wetu, kwa heshima: mnatuomba matokeo ya miezi sita. Miezi sita ni maharagi mara mbili. Kama mnataka kuona watu wamerudi kweli, mkubali kupokea pia ripoti yenye miche ambayo haijazaa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, komite itakuwa ku biro tangu saa mbili ya asubuhi na karatasi za mapatano. Anayetaka kuandikiwa aje pamoja na mwenye shamba na mashahidi wawili. Wino wa kidole tuko nao.