Mifupa Inayotubeba

Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto. Uchimbaji ukafichua karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa mirefu ya miguu yake inaonyesha kwamba alitembea wima, kama sisi.

Mtu mzima ana mifupa 206, nayo i hai: ndani yake damu hutengenezwa, madini ya kalsiamu huhifadhiwa, na ikivunjika huunga tena. Mtoto anayekimbia leo uwanjani anajenga mifupa atakayoitegemea uzeeni. Tumpe dagaa, maziwa na nafasi ya kucheza. Haba na haba hujaza kibaba.