Chumba cha Picha katika Mji wa Eldoret
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa heshima ya kusema juu ya shauri lililoletwa mbele yenu, nalo ni kwamba chumba cha nyuma cha ukumbi wetu, badala ya kupangishwa, kifanywe mahali pa kuonyeshea picha na kazi za mikono, kikiangaliwa na wanachama wenyewe bila mshahara. Twajua wako wazee wasiolipenda shauri hili. Wamesema, nao wamesema kweli, kwamba chama cha kusaidiana huundwa kwa ajili ya kuzika wafu, kuwatazama wagonjwa na kuwasomesha watoto, na kwamba picha hailiwi. Hatukusimama kuwabishia, tumesimama kueleza.

Mji huu ulianza kwa nambari ya shamba, 64, na hata leo wako watu wauitao Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924, na watu wa kila kabila wakaifuata. Mwaka 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji. Katika muda huo wote mafundi hawakukosekana. Wako waandikao mabango ya maduka kwa mkono usiotetemeka, na wako mama wanaoshona shanga juu ya vibuyu vya mursik kwa ustadi unaomshangaza mgeni. Lakini kibuyu kile husifiwa siku ya arusi, kisha hufungiwa kabatini. Na kijana mchoraji hana pa kuionyesha kazi yake ila ukuta wa duka la mtu; siku duka lipakwapo rangi mpya, kazi yake imekwisha, wala hakuna wa kumwomba radhi. Eldoret yajulikana duniani kote kwa miguu ya wakimbiaji wake. Mikono yake haijulikani hata Kapsabet.

Wengine huuliza kama Mwafrika aliwahi kuangalia mambo kama haya pasipo kufundishwa na mgeni. Bwana Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, si mbali na hapa. Yeye alikusanya kazi za mafundi wa Afrika wakati wengi wetu tulipokuwa tukizitupa ili tununue sahani za bati, na mali yake hiyo yaonekana hata sasa katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Kitale nako makumbusho yao yalianza mwaka 1926 kwa vitu vya mtu mmoja, Kanali Stoneham, kabla ya kupata nyumba ya serikali mwaka 1974. Ila hao walikuwa watu wenye uwezo, nasi hatuna uwezo wao.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Paa ya Paa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965 na Bwana Elimo Njau pamoja na wenzake. Yeye ni mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, naye ndiye aliyechora zile picha tano kubwa za maisha ya Kristo katika kanisa la Murang'a, Kristo akiwa Mwafrika kati ya vilima vya Waafrika. (Jina la nyumba yake hutatiza walimu wa sarufi, ambao wangependa kusema paa anapaa, lakini kila mtu hulikumbuka, na walimu hawakubuni lililo bora.) Nyumba ile ilipokea wachoraji, washairi na wacheza ngoma pamoja. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba na kazi nyingi zilizokuwamo. Haikufungwa, lakini picha iliyoungua hairudi. Kwa hiyo tumependekeza kwamba kila kitu kitakacholetwa kiandikwe daftarini na kupigwa picha siku hiyo hiyo, na kwamba jiko la makaa lisiingie chumbani kamwe, hata siku ya chai ya mkutano.

Mengine ni ya kazi tu. Hapa kwetu mvua ni nyingi kuanzia Aprili hata Agosti, na karatasi hushika ukungu. Hivyo picha zisigusane na ukuta, bali ziwekewe vipande vya mti nyuma ili hewa ipite. Dirisha la magharibi liwekewe pazia, kwa kuwa jua la alasiri hula rangi. Kitu kiwe mali ya fundi mpaka kinunuliwe. Naye apewe stakabadhi akikileta, nakala moja ibaki kwetu. Kikiuzwa, katika kila shilingi 100 apewe 80, na 20 zibaki kwa taa na misumari. Zamu iwe ya watu wawili kila Jumamosi, kwa maana mtu mmoja huugua, au husafiri, au huchoka, na mlango uliofungwa mara mbili hauna mgeni wa tatu. Kazi ya kujitolea hufa kwa njia hiyo kuliko kwa kukosa fedha.

Lipo jambo jingine, zito kulitamka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto watu wakiwa ndani. Hatusemi kwamba picha ingaliuzuia moto ule. Twasema tu kwamba viko vyumba vichache mno hapa ambamo mama wa Kinandi, fundi wa Kiluhya na kijana wa Kikuyu huketi pamoja pasipo biashara wala kura. Katika miaka ya 1990 Bwana Sultan Somjee wa Makumbusho ya Taifa aliwahimiza watu wa makabila mbalimbali waanzishe makumbusho madogo ya amani, waweke humo vitu ambavyo wazee wao walivitumia katika kupatanisha. Wazee walio hapa wanavijua vitu hivyo vya kwao. Wajukuu wao hawavijui.

Twaomba mwaka mmoja. Kodi tutakayoikosa mtaiona katika hesabu za Mtunza Fedha, wala hatuifichi. Ikiwa mwakani mkutano huu utaona kwamba chumba hakikuzaa kitu, kipangishwe. Daftari ya zamu iko mezani kwa Katibu. Majina 8 yamekwisha kuandikwa, yanahitajiwa 4 zaidi, na afadhali mawili yawe ya wazee, kwa sababu vijana hawataweza kuandika majina ya vitu vitakavyoletwa.