Uji wa Soya: Je, Soya Yako Iliiva Kabla ya Kusagwa?

Karibu tena katika kipindi chetu cha afya hapa Sotik. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na leo tutazungumza juu ya unga wa uji wa mtoto, hasa ule unaotiwa soya.

Ninataka kuongea na mama anayejitahidi. Mtoto amefikisha miezi sita, bado ananyonya, na mama ameanza kumpa uji. Siku ya soko amenunua wimbi, akaongeza mahindi kidogo, akaambiwa soya inajenga mwili, akanunua na soya. Amechanganya vyote na kupeleka poshomili. Mtoto anakunywa kikombe chote. Lakini akija kliniki, tukiweka alama kwenye kijitabu cha mama na mtoto, mstari wa uzito umelala. Tumbo la mtoto linajaa gesi, mara anaharisha. Nyumbani mama anaambiwa eti maziwa yake ni mabaya. Mama, maziwa yako si mabaya. Endelea kunyonyesha mpaka mtoto afike miaka miwili na hata zaidi.

Mtoto anaweza kukosa kuongeza uzito kwa sababu nyingi: malaria, kifua, kuhara kwa maji machafu, uji mwepesi kama maji. Hizo tutaziangalia kliniki. Lakini kuna swali moja ambalo huwa halipati nafasi, nami ninaliuliza leo: hiyo soya ilipikwa kabla ya kusagwa?

Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Mwili wetu hutumia kimeng'enya kinachoitwa tripsini, kinachotoka kwenye kongosho, kukata protini vipande vidogo ili ziingie katika damu. Soya mbichi huishika tripsini hiyo, ikashindwa kufanya kazi. Kwa hivyo mama amelipia protini, mtoto ameimeza, na sehemu kubwa inatoka kwenye nepi. Jambo hili si geni. Mwaka wa 1917 watafiti wawili wa Marekani, Osborne na Mendel, walilisha panya soya. Waliokula soya mbichi hawakukua vizuri. Waliokula iliyopikwa walikua. Ni mbegu zile zile, tofauti ni moto.

Sasa utaniuliza, nitajuaje kama unga nilionunua dukani ulitokana na soya iliyopikwa? Kwa macho ni vigumu. Rangi inadanganya, maana soya inaweza kuchomwa nje ikawa kahawia na ndani ikabaki mbichi. Ladha chungu na harufu ya mbegu mbichi zinasaidia kidogo, lakini ukishachanganya na wimbi zinapotea. Wanaotengeneza chakula cha mifugo walipata njia nyingine, na njia hiyo inapitia kitu ambacho wewe mama unakijua kwa pua yako.

Unaijua ile harufu kali inayokupiga asubuhi unapofungua nepi iliyolala na mkojo? Ile inayochoma macho? Hiyo ni amonia. Mkojo unapotoka hauna harufu hiyo. Una kitu kinachoitwa urea. Vijidudu vinavyotoka kwenye choo cha mtoto vina kimeng'enya kiitwacho ureasi, na ureasi huivunja urea ikawa amonia na hewa ya kabonidioksidi. Ndiyo sababu ninawaambia kila mara, usimwache mtoto na nepi yenye maji usiku kucha. Ngozi laini inaharibika.

Udongo wa shambani nao una ureasi. Ukimwaga mbolea ya urea juu ya ardhi usiifunike, sehemu yake inageuka amonia na kupotea hewani, na pesa yako imepotea nayo. Wataalamu wakitaka kujua ureasi iliyomo katika udongo, huchukua kipimo cha udongo, hutia urea, huweka mahali penye joto la nyuzi 37 kwa muda wa saa mbili, halafu hupima amonia iliyotoka. Amonia ikiwa nyingi, ureasi ni nyingi.

Soya mbichi ina ureasi kwa wingi. Ureasi hiyo si mbaya kwa mtoto, wala siyo inayozuia tripsini. Faida yake kwetu ni moja: inakufa kwa moto karibu wakati ule ule ambapo kile kizuizi cha tripsini kinakufa. Kwa hivyo ni kama shahidi. Ukiikuta bado hai ndani ya unga, ujue moto haukutosha na kizuizi nacho bado kipo. Kupima kizuizi chenyewe ni kazi ndefu. Kupima ureasi ni rahisi. Caskey na Knapp waliandika juu ya kipimo hiki mwaka wa 1944, na mpaka leo viwanda vya chakula cha kuku na nguruwe vinakitumia. Unga wa soya huwekwa katika maji yenye urea, kwa joto la nyuzi 30 kwa nusu saa. Amonia ikitoka, maji yanapungua asidi, na kipimo cha pH kinapanda. Viwanda vingi hutaka kisipande zaidi ya 0.20. Vifaranga wanapimiwa chakula chao hivyo. Mimi huwa ninajiuliza kwa nini unga wa mtoto wa binadamu, unaochanganywa nyuma ya duka, usipimwe hata mara moja.

Kipimo cha kienyeji kipo pia, ingawa sipendi kifanyike jikoni. Mwalimu wa sayansi katika shule ya upili anaweza kukifanya mbele ya kikundi cha akina mama. Anayeyusha kijiko cha mbolea ya urea katika maji ya uvuguvugu, anatia vijiko viwili vya unga, anafunika chupa. Juu ya maji, bila kuyagusa, ananing'iniza karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa. Baada ya saa moja, karatasi ikigeuka kuwa ya buluu, au chupa ikinuka kama nepi ya asubuhi, soya hiyo ni mbichi. Chupa hiyo na kijiko hicho visirudi kwenye vyombo vya kula, na unga uliotiwa mbolea umwagwe mbali na watoto na kuku.

Kipimo hiki kina upungufu wake. Kinakuambia kama moto ulikuwa mdogo. Hakikuambii kama ulizidi. Soya iliyoungua haina ureasi hata kidogo, lakini protini yake imeharibika pia. Kwa hiyo usifikiri kwamba kuichoma mpaka iwe nyeusi ndiyo usalama.

Njia iliyo bora ni kuitayarisha wewe mwenyewe. Chagua soya, toa mawe na mbegu zilizoota ukungu, uioshe. Chemsha maji kwanza mpaka yatokote, ndipo utie soya. Iache itokote kwa nusu saa nzima, ukihesabu kutoka pale maji yanapoanza kutokota tena. Hapa kwetu tuko juu. Maji hutokota kwa nyuzi 94 hivi, si 100 kama kule Mombasa, kwa hivyo mtu wa pwani akikuambia dakika ishirini, wewe ongeza. Mwaga maji hayo, sugua maganda yatoke, anika juani juu ya kitambaa safi mpaka ikauke kabisa. Ukipenda, ikaange kidogo ipate harufu nzuri. Kisha peleka ikasagwe. Kukaanga peke yake, bila kuchemsha, sikuamini sana, kwa sababu mbegu kavu hazipenywi na joto upesi kama zilizo na maji.

Wapo wanaosema, lakini uji wenyewe si unapikwa? Ndiyo, ila wengi wetu tukiona umetokota mara mbili tatu tunaepua, hasa kuni zikiwa haba na gari la chai limefika. Hapo moto haujamaliza kazi.

Maharagwe yetu ya kawaida pia yasisagwe mabichi kuwekwa katika uji. Yana sumu yake nyingine inayotapisha, nayo huondoka kwa kuchemshwa vizuri.

Kama soya inakusumbua, hulazimiki kuitumia. Uji mzito wa wimbi uliotiwa maziwa, yai lililoiva, maharagwe yaliyopondwa, omena iliyosafishwa vizuri: vyote vinajenga mtoto. Tena si lazima kuchanganya vitu vinane katika unga mmoja. Mtoto akidhurika hutajua ni kipi.

Mtoto ambaye uzito wake haujapanda kwa miezi miwili mfululizo, usikae ukibadilisha unga tu. Mlete kliniki. Muone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, apime mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, au miguu yote miwili ikivimba, mlete siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki. Ukija, njoo na unga kidogo kwenye karatasi, uniambie ulivyoutayarisha.

Na kwa wewe ambaye sasa hivi una mkebe mzima wa unga na hujui soya yake ilipikwa au la: usiutupe. Koroga katika maji baridi, weka motoni, na ukishatokota punguza moto, uufunike, uuache uchemke nusu saa ukikoroga na kuongeza maji ya moto unapokauka. Utaiva.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya maji ya kunywa. Sai sere.